Nguvu ya Jasho na Nguvu ya Kidonge

Haikuwa nia yangu kuandika juu ya ndondi. Mimi mambo yangu ni mashairi, na viwanja vyangu ni mabaraza ya Mji wa Kale, Mombasa, ambako mapigano makubwa aghalabu ni ya maneno. Lakini dada yangu, aliyeolewa bara na kukaa Ruiru kwa miaka mingi, alinipigia simu siku moja baada ya Isha akaniambia: "Kaka, njoo unitazamie mtoto. Ataka kujiua, na huku asema ni mazoezi."

Basi nikapanda treni ya reli mpya, ile iliyoanza safari zake mwaka 2017, nikalala Nairobi, na asubuhi yake nikashika barabara kuu ya Thika. Barabara hii ilifunguliwa mwaka 2012, na Ruiru imefura mfano wa unga wa mahamri uliotiwa hamira. Mashamba ya kahawa yamegeuka maghorofa ya kupangisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji huu una watu 490,120, karibu mara mbili ya Thika, ambayo ilikuwa na 251,407. Wengi ni vijana waliofuata kazi: wengine viwandani Thika, wengine kwenye machimbo ya mawe, wengine kwenye majengo. Kijana wa namna hii akitoka kazini jioni ana njia mbili mbele yake, ama kijiweni ama jimu, kama wenyewe waitavyo jumba la mazoezi. Mpwa wangu, namshukuru Mungu, alichagua jimu. Lakini hata katika njia njema mna mashimo.

"Shikamoo mjomba," aliniamkia, na mkono alionipa ulikuwa mgumu kama kasia. Ana miaka 20. Jioni ile alinichukua nikaone mahali anapofanyia mazoezi. Ni banda la mabati nyuma ya karakana ya magari. Vyuma vya kunyanyua ni ekseli kuukuu za gari, na mizani ya huku na huku ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Kulikuwa na tairi la trekta, nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kamba za kuruka, na gunia la kupigia lililoshindiliwa matambara. Vijana walikuwa kiasi cha ishirini, watatu wao wasichana. Nikapewa kreti ya soda nikakalia.

Sina budi kukiri, msomaji, kwamba nilikwenda pale nikiwa nimekwisha kukata hukumu. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kumcheka mtu anayenyanyua chuma bila kulipwa. Twaona kunyanyua ni kazi ya hamali, na hamali hupata ujira wake. Lakini tukijipekua vizuri tutaona kwamba nguvu za mwili hazikuwa ngeni kwetu hata kidogo. Lamu wana kirumbizi chao cha fimbo, na asiyekuwa na pumzi na mguu mwepesi haingii uwanjani. Mabaharia wetu walivuta foromali na kupandisha tanga kwa mikono. Na katika dini, aliyesoma chuoni anajua mafunzo ya Mtume kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mola kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Na kwamba mwili wako una haki juu yako. Kadhalika tumefunzwa kuwa shujaa wa kweli si yule amwangushaye mwenziwe, bali ni yule aizuiaye nafsi yake wakati wa hasira.

Najua wako mashekhe wanaoikataa ndondi yenyewe kwa sababu ya kupigwa uso, na hoja yao ina uzito. Najua pia kwamba Zanzibar iliipiga marufuku ndondi mwaka 1964, wakati wa utawala wa Mzee Abeid Karume, na marufuku yale yakakaa karibu miaka 60 kabla ya kuondolewa. Mimi si mufti, na leo sikukaa kutoa fatwa. Ninalotaka kulisema ni juu ya jambo linalotangulia pigano lolote, liwe la ndondi, la mieleka, la judo au hata mbio: namna mwili unavyotengenezwa.

Mwalimu wa pale bandani ni mzee mmoja aliyekuwa askari wa Magereza. Ruiru ndiko kuliko chuo cha kufundishia askari wa Magereza, na kwa hiyo wazee wa namna yake hawakosekani. Nilimwuliza kwa nini vijana wake hawapigi ngumi, mbona wanachuchumaa tu na vyuma mabegani? Akacheka. "Mzee wangu," akasema, "ngumi haitoki mkononi. Ngumi inatoka kwa mguu. Mkono ni posta tu, barua imeandikwa chini."

Nikampa sikio. Akanieleza kwamba bondia husukuma ardhi kwa mguu, nguvu ikapanda kiunoni, kiuno kikazunguka, bega likafuata, ndipo ngumi ikafika. Mwenye miguu mibovu hata akiwa na mikono kama minazi, ngumi yake ni ya kubembeleza. Kwa hivyo vijana wake hufanya kazi ya miguu na mgongo kwanza: kuchuchumaa na mzigo, kuunyanyua mzigo kutoka chini, kuusukuma juu ya kichwa. Shingo nayo hufanyishwa kazi, maana shingo imara husaidia kichwa kisitikisike sana kinapopigwa. Halafu huja pumzi. Pigano la ridhaa lina raundi tatu za dakika tatu tatu. Asiyelijua jambo hili ataona dakika tisa ni kama mchezo; na asimame basi apige gunia kwa dakika tatu tu, aone kama mikono haitamgeukia risasi.

Lakini lililonishangaza zaidi ni madaftari. Kila kijana ana daftari la shule, na ndani yake ameandika tarehe, uzito alionyanyua, na mara ngapi. Wiki hii akinyanyua kilo 60, wiki ijayo huongeza kidogo mno, labda kilo moja au mbili. Kila baada ya wiki kadhaa hupunguza mzigo kusudi mwili upumue. Mwalimu alinieleza sababu yake. Zoezi lenyewe, alisema, halimpi mtu nguvu; humchosha tu. Nguvu huja baadaye, mtu akiwa amelala na amekula, mwili ukawa unajitengeneza upya ili siku nyingine usishindwe na mzigo ule. Anayefanya mazoezi kila siku bila ya kupumzika ni kama mtu anayejenga nyumba na huku anauza matofali.

Wayunani wa kale walikuwa na kisa cha mpiganaji mieleka wa mji wa Croton aliyeitwa Milo. Husimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku tangu alipozaliwa, ndama akikua naye akipata nguvu, hata mwisho akawa anabeba fahali mzima. Kisa ni kisa, lakini maarifa yaliyomo ndiyo yale yale ya daftari la Ruiru.

Na Uajemi, nchi ya Kiislamu, wana nyumba zao za mazoezi ziitwazo zurkhaneh, yaani nyumba ya nguvu. Wanaume hushuka kwenye uwanja wa chini wakizungusha marungu mazito ya mbao, na juu yao huketi kiongozi anayepiga ngoma na kughani mashairi ya washairi wakubwa wa lugha yao. Adabu, unyenyekevu na kumheshimu mkubwa ni sehemu ya mafunzo. UNESCO iliutia mchezo huo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010. Nilipokumbuka hayo nikajiona mjinga kwenye kreti langu la soda. Kumbe mshairi na mbeba chuma waweza kukaa nyumba moja.

Basi nikamwuliza dada yangu usiku ule: mbona mtoto wasema ajiua? Naona mambo yake ni mazuri. Hapo akainuka, akaniletea vitu viwili alivyovikuta chini ya godoro: koti la nailoni lisilopitisha hewa, na karatasi ya vidonge vyeupe.

Nilimwita kijana. Akasema kweli yote, maana hakulelewa kwenye uongo. Ilikuwa zimesalia siku nne apigane huko Thika. Jina lake lilikuwa limeandikwa katika uzani wa kilo 60, naye ana kilo 64. Rafiki yake alimfunza njia: usinywe maji siku mbili, vaa koti la nailoni ukimbie juani, temea mate kwenye chupa, na usiku wa mwisho meza vidonge hivi uende haja ndogo mpaka mwili ukauke. Ukishapimwa, unakunywa maji na kula, unapanda ulingoni na uzito wako wa zamani, na mpinzani ni mdogo kuliko wewe.

"Mjomba," akaniuliza, "mbona sisi twafunga mwezi mzima na hatufi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na nimelieleza hapa kwa sababu naamini vijana wengi wa kwetu hujiuliza hivyo hivyo. Nikamwambia: mwanangu, saumu ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Unakula daku, na jua likituwa unafuturu, tena twahimizwa tusichelewe kufuturu. Mtume aliwakataza umma wake kuunga saumu usiku na mchana bila kula. Mgonjwa ameruhusiwa kula, msafiri ameruhusiwa. Na hapana saumu ya kumeza kidonge cha kukojoa na kukimbia juani ndani ya nailoni. Saumu ni ya kumnyenyekea Mola. Haya yako ni ya kuihadaa mizani.

Vidonge vile vilikuwa ni furosemidi, dawa ambayo matabibu huwapa wagonjwa wa moyo na wa figo waliojaa maji. Kwa mgonjwa ni rehema. Kwa kijana mzima humtoa maji pamoja na chumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa. Chumvi hizo zikipungua mno, moyo huweza kupoteza mapigo yake. Damu nayo hupungua, mwili ukashindwa kujipoza. Na matabibu wa michezo wana hofu kwamba ubongo uliokaukiwa huumia upesi zaidi unapopigwa. Tena dawa hizi zimo katika orodha ya zilizokatazwa michezoni ulimwengu mzima, kwa sababu hutumika pia kuzificha dawa nyingine.

Haya si maneno ya kumtisha mtoto. Mwaka 1997 huko Marekani, katika muda wa wiki chache tu, wanafunzi watatu wa vyuo waliokuwa wapiganaji wa mieleka walikufa wakijikausha kusudi wafikie uzani. Kanuni zikabadilishwa baada ya mazishi. Desemba mwaka 2015, huko Manila, Yang Jian Bing, kijana wa Kichina wa miaka 21, alifariki kabla hata ya kupanda ulingoni, kwa sababu hiyo hiyo ya kujikausha. Hapo tena kanuni zikabadilishwa. Inasikitisha kwamba mara nyingi kanuni za michezo huandikwa juu ya kaburi.

Siku ya pili nilikwenda Thika na mpwa wangu, anionyeshe vidonge alivyovipata. Nisivitaje duka wala mtaa. Kulikuwa na vya kukausha, vya kunenepesha, na vya kufurisha misuli, na muuzaji akaviita vyote "vitamini". Vya kunenepesha aghalabu huwa na deksamethasoni, ambayo humfanya mtu avimbe maji usoni na mwilini akadhani amenawiri, kumbe mifupa na kinga ya mwili vinadhoofika. Vya kufurisha misuli ni steroidi zinazoiga homoni ya kiume. Misuli hufura kweli, sitakataa. Lakini mwili ukiona homoni imeletwa kutoka nje huacha kutengeneza yake. Korodani hunywea, mbegu za uzazi hupungua, matiti huweza kumwota mwanamume, na moyo na ini huchakaa kabla ya umri. Kijana anataka kuwa dume, naye anakwenda kuuza udume wake kwa rejareja.

Hata asiyekusudia ubaya huweza kunaswa. Ferdinand Omanyala, ambaye Septemba mwaka 2021 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 katika uwanja wa Kasarani, kwenye barabara hii hii ya Thika, akaweka rekodi ya Afrika, alikuwa amefungiwa miezi 14 kuanzia mwaka 2017. Dawa iliyopatikana mwilini mwake ilikuwa betamethasoni, ndugu yake deksamethasoni, naye alieleza kwamba alipewa alipokuwa akitibiwa mgongo. Alitumikia adhabu yake akarudi. Sheria ya Kenya ya kupambana na dawa hizi ni ya mwaka 2016, na haimwulizi mwanamichezo nani alikupa. Humwuliza kilichomo ndani ya mwili wake.

Sasa tujiulize: kwa nini kijana mwenye mwalimu mzuri na daftari zuri atake njia ya mkato? Jawabu nililipata nilipozungumza tena na yule mzee wa Magereza. Wakati wao, alisema, bondia alikuwa na mwajiri. Polisi, Jeshi, Magereza, hata makampuni na mashirika yalikuwa na timu zao. Mtu alipata mshahara, mahali pa kulala, chakula na wakati wa kupumzika. Matunda yake yalionekana. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Belgrade mwaka 1978. Katika Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, Nairobi, mabondia wetu walichukua dhahabu 8. Mwaka 1988 Robert Wangila akaleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul. Wangila huyo huyo alifariki Las Vegas Julai mwaka 1994 baada ya pigano la kulipwa, na kifo chake chatukumbusha kuwa mchezo huu, hata kwa bingwa, hauna mzaha.

Ukilinganisha na Paris mwaka 2024, ambako Kenya haikupeleka bondia hata mmoja, utajua tumetoka wapi na tumefika wapi. Wengi husema vipaji vimekwisha. Mimi niliyekaa bandani Ruiru nasema vipaji vipo. Kilichopungua ni chakula, usingizi na msimamizi. Mtaalamu atakwambia anayejenga misuli ahitaji kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa kijana wa kilo 64 ni zaidi ya gramu 100. Maharagwe, mayai, dagaa na maziwa vyaweza kutosha, bila ya mkebe wa unga kutoka ng'ambo. Lakini kijana aliyebeba mawe tangu alfajiri, akala chai kavu na mkate, akaja kunyanyua ekseli jioni, akalala saa tano usiku chumbani na wenziwe wanne, huyo hajengi, anabomoa. Akiona mwili hauendi, ndipo huja mwenye kidonge.

Dawa ya jambo hili si kufunga mabanda. Ni kuwatafuta wazee kama yule wa Ruiru, kuwapa mafunzo na posho, na kupima uzani wa wapiganaji mara kwa mara kabla ya siku ya pigano, ili anayeshuka kilo nne kwa siku tatu ajulikane mapema. Mizani haina bei kubwa. Na sisi wazazi na wajomba tusingoje kupigiwa simu. Tuulize maswali: wala nini, walala saa ngapi, ni nani aliyekupa hiki?

Watu wa baraza la kahawa wataelewa mfano huu. Pale Ruiru ndiko kuliko kituo cha utafiti wa kahawa, na mbegu iitwayo Ruiru 11, inayostahimili maradhi ya chulebuni, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya kazi ya miaka mingi. Hakuna aliyeimezesha miche vidonge ikazaa kwa wiki. Nguvu ya kustahimili ilijengwa kizazi baada ya kizazi.

Mpwa wangu alivitupa vile vidonge chooni mbele ya mama yake. Mwalimu wake, ambaye hakujua lolote, alighadhibika kwanza, kisha akaenda kwa waandalizi kumwombea apande uzani wa juu yake. Alipigana Thika akiwa amekunywa maji na kula ugali na maharagwe, na mpinzani wake alikuwa mrefu na mwenye mwili. Alishindwa kwa pointi. Raundi ya tatu, hata hivyo, ilikuwa yake, miguu haikumwisha. Alipotoka ulingoni alinijia akaniambia, "Mjomba, nimeshindwa," nami nikamwona anatoka jasho jingi, jasho la mtu mwenye maji mwilini, nikasema Alhamdulillahi.

Usiku ule nilimwandikia ubeti huu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la mazoezi, chini ya kilo zake:

Nguvu ni mali ya jasho, si ya kutiwa kwa dawa,
Huja leo, huja kesho, kidogo kidogo huwa,
Mwili wataka na posho, na usingizi wa sawa,
Mwenye pupa hupagawa, safari hatamaliza.